Majani ya Migomba Juu ya Chaja

Kila asubuhi, kabla jua halijapenya kwenye migomba, keni za maziwa zilianza kugongana nje ya nyumba ya akina Odilia huko Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Wanawake wa kikundi cha maziwa walifika mmoja mmoja wakiwa wamejifunga kanga mabegani kwa sababu ya baridi, kila mmoja na maziwa ya ng'ombe wake. Lukresia, mama yake Odilia, aliyapima, akayapakia kwenye bajaji na kuteremka nayo hadi kituo cha kupozea maziwa mjini Moshi. Bajaji ilikuwa mali ya kikundi na yeye ndiye aliyechaguliwa kuiendesha. Ilikuwa ya umeme, tena kimya mno, hata kuku wa jirani walikuwa hawajajifunza kuikwepa.

Odilia alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mdomo wake haukujua likizo. Kabla ya kwenda shule alipenda kusimama kando ya bajaji na kuwapa watu wazima somo ambalo hawakuliomba.

"Betri yake imetengenezwa kwa lithiamu, chuma na fosfeti," alisema asubuhi moja, mkono kiunoni. "Aina hii hailipuki. Hata uipashe joto vipi, hailipuki!"

"Nani kakwambia hivyo?" aliuliza Mama Doris, mwenyekiti wa kikundi. Yeye aliwahi kuona kwenye simu video ya pikipiki ya umeme ikiteketea, na tangu siku hiyo alikuwa anakabidhi maziwa yake kwa kunyoosha mkono, miguu yake ikibaki mbali.

"Fundi Thadeus mwenyewe, mama. Muulizeni!"

"Haya, mwalimu, tumesikia," alijibu Mama Doris, na wenzake wakacheka.

Ni kweli fundi Thadeus alisema, ila maneno yake yalikuwa na nusu mbili. Siku alipoileta bajaji kutoka mjini, alieleza kwanza kwa nini betri ya aina ile haishiki moto kirahisi. Odilia aliisikia nusu hiyo, ikamfurahisha, akatimua mbio kwenda kuwasimulia wenzake. Nusu ya pili, ile ya mambo yasiyofaa kufanywa, alielezwa mama yake peke yake. Debe tupu haliachi kuvuma, na debe lililojaa nusu nalo huvuma vilevile.

Mwezi huo nyumba nzima ilikuwa ikijiandaa kwa Komunyo ya Kwanza ya Fabian, mdogo wake Odilia. Wazee wa ukoo wangekuja, na wazee wa Kichagga hawaalikwi sherehe isiyo na mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Mbege nayo huanza na ndizi zilizoiva sawasawa. Bibi Monica, mama mzazi wa baba yao, aliagiza mikungu ipandishwe kwenye dari la jiko la kuni, ili joto na moshi viiivishe taratibu. Kwa kuwa magoti yake hayakumruhusu tena kupanda ngazi, kazi ya kuchochea moto na kuzikagua ndizi ilimwangukia Odilia.

"Moto mdogo, wenye moshi," Bibi alimwelekeza. "Usiuache uzimike. Ndizi zikipigwa na baridi zitatuaibisha mbele za watu."

"Sawa, Bibi."

Sawa ilikuwa rahisi kuitamka. Masika yalikuwa yamekolea na kuni zilikuwa mbichi. Odilia alipuliza hadi kichwa kikamzunguka, moshi ukamjaa machoni, huku akisikia sauti za wenzake waliokuwa wakicheza rede barabarani. Baada ya siku chache alianza kuuchukia moto ule kama adui.

Jioni moja aliingia bandani mwa bajaji kuchukua jembe. Mama yake alikuwa ameshaichomeka bajaji na kwenda kukamua ng'ombe. Chaja ilikaa juu ya ubao ukutani, feni yake ikivuma na kupuliza hewa ya vuguvugu. Odilia akaweka mkono. Akaona raha. Kisha wazo likamjia, na lilimpendeza sana kwa sababu lilikuwa la kumpunguzia kazi: hapa kuna joto la bure, lisilo na kuni wala machozi. Na si betri ile hailipuki?

Akashusha vichane vichache kutoka darini, akavipanga kwenye ubao kuizunguka chaja, akavifunika kwa majani makavu ya migomba yaliyokuwa yamerundikwa pale kwa ajili ya kulalia ng'ombe. Juu yake akatupia gunia ili joto lisipotee. Kabla mama yake hajarudi kuchomoa, alifunua kila kitu na kuzificha ndizi chini ya lile rundo la majani. Jioni zilizofuata alifanya vivyo hivyo. Jikoni aliwasha vijiti viwili vitatu vya kumridhisha Bibi, kisha akaenda kucheza.

Ndizi zikaiva. Alipompelekea Bibi vichane vya kwanza, vya manjano tupu, Bibi alivinusa akatabasamu.

"Aika, asante, mjukuu wangu. Una mkono wa mama yangu mzazi. Yeye naye aliujua moto."

Odilia alijibu "asante" huku akiangalia vidole vyake vya miguu. Sifa ile haikumkaa vizuri, lakini hakuikataa.

Jumamosi mchana, sherehe ikiwa imekaribia, aliamua kuzimaliza ndizi zote zilizobaki kwa mara moja. Mama alipochomeka bajaji na kuingia ndani kupumzika, Odilia alijaza ubao mzima, akafunika kwa majani mengi kuliko siku zote, akashindilia magunia mawili juu, akaenda zake kwenye rede. Hakujua kwamba Fabian alikuwa akisubiri upenyo wake. Mtoto huyo alipenda kukaa kwenye kiti cha dereva na kuzungusha usukani, jambo alilokatazwa mara nyingi. Dada yake alipotoka bandani, yeye akaingia.

Odilia alikuwa ameshika mpira aliposikia ukelele wa mdogo wake. Alitazama kihambani, kwenye shamba la nyumbani kwao, akaona moshi mzito ukitoka kwenye mlango wa banda. Mpira ukamdondoka.

Alipofika, mama yake alikuwa ameshamtoa Fabian, ambaye alikohoa akiwa amejikunja nyasini. Majirani walikuja wakikimbia na ndoo za maji.

"Subirini! Msimwage!" Mama alipiga kelele. "Umeme kwanza!"

Akakimbilia swichi kuu, akaizima, ndipo wakamwaga. Moto wenyewe haukuwa mkubwa, ila ulikuwa na hasira. Chaja ilikuwa imeyeyuka, ubao umeungua, ukuta umekuwa mweusi na ubavu wa bajaji umejikunja kwa joto. Watu wote walipomzunguka Fabian, Odilia aliyazoa magunia yaliyoungua pamoja na ndizi zilizokuwa ndani yake, akayaburuta hadi kwenye shimo la samadi nyuma ya zizi na kuyafukia. Jirani mmoja alimwona akirudi amejaa masizi.

"Mtoto jasiri huyu," alisema. "Amemsaidia mama yake."

Odilia alitamani ardhi ipasuke. Angeweza kusema palepale. Badala yake akaenda kunawa masizi.

Mama Doris alisimama mlangoni, akashika kichwa. "Nilisema! Nilisema mimi! Betri imelipuka. Leo tungekuwa na msiba hapa."

Neno hilo likateremka na kupanda mlima upesi kuliko bajaji yenyewe. Kabla ya jioni, Uru nzima ilikuwa na habari kwamba betri ya umeme imelipuka na nusura iue mtoto.

Fabian alipelekwa zahanati, wakamsikiliza kifua, wakasema ni mzima, apumzike tu. Lakini alirudi nyumbani akiwa si Fabian yule. Hakutaka kula wala kuongea, alijilaza akiutazama ukuta.

"Ni ule moshi," alisema Bibi. "Utamtoka."

Wakati wa chakula cha jioni Mama aliuweka mtori wa ndizi mezani, ila yeye mwenyewe hakuugusa. Alikaa akiitazama mikono yake.

"Labda nilichomeka vibaya," alisema polepole. "Nilikuwa nimechoka. Labda sikubana plagi. Mwanangu angekufa kwa uzembe wangu."

Odilia aliona aibu. Alijua kwamba mama yake hakuwa na kosa lolote. Alijua pia kwamba sentensi moja tu ingemwondolea mzigo ule. Akajiambia atasema kesho. Halafu akajiambia labda haitakuwa lazima. Mtu mwenye aibu hupenda sana kufanya mashauri na nafsi yake, na mara nyingi nafsi humpa ushauri mbaya.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, kikundi kilikutana kwenye banda la mikutano kando ya kanisa. Fabian alikuwa amekataa kwenda kanisani, akabaki nyumbani na Bibi. Mama alikaa mbele peke yake kwenye benchi, akiwa na gauni lake la kanisani. Odilia alisimama nyuma kabisa. Fundi Thadeus alikuwa amepanda kutoka mjini na vifaa vyake, na kabla ya kikao alikwishaikagua bajaji na mahali palipoungua, kisha bajaji ikasukumwa hadi pale.

"Betri haikulipuka," alianza. "Nimefungua boksi lake. Limepata masizi kwa nje, ndani ni salama. Joto lilipozidi, kidhibiti chake kilikata umeme, betri ikajizima yenyewe. Kama ingekuwa moja ya zile aina nyingine za lithiamu, leo huenda tungeongea mengine. Zile zikipata joto kali hutoa oksijeni ndani kwa ndani, zinaulisha moto wake zenyewe. Hii ya chuma na fosfeti huishikilia oksijeni yake."

"Sasa nini kiliwaka?" aliuliza Mama Doris.

"Moto ulianzia kwenye chaja. Chaja ni mashine kama mashine nyingine, lazima ipumue. Ile haikupumua." Akamgeukia Lukresia. "Mama Odilia, samahani kwa kukuuliza. Uliifunika na kitu?"

"Sikuifunika, fundi. Niliiacha wazi kama ulivyonielekeza."

Fundi akakuna kidevu. "Ikiwa wazi isingefika hapo, mama. Na kulikuwa na majivu ya majani juu ya ubao."

Minong'ono ikaanza. Mama Doris akasimama.

"Mama Odilia, mimi na wewe tumetoka mbali," alisema. "Kosa mtu yeyote hufanya. Lakini kutudanganya hapa mbele za watu, tena tumetoka misani sasa hivi? Dereva mwongo sisi tutamkabidhije mali yetu? Naomba ufunguo urudi kwa kikundi."

"Sidanganyi," alisema Mama. Sauti yake ilikuwa ndogo. Alitazama huku na huku akitafuta mtu mmoja wa kumwamini, na wanawake aliowabebea maziwa kila siku wakainamisha nyuso. Akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa ufunguo, akauweka mezani.

Odilia hakuweza kustahimili tena.

"Ni mimi!"

Watu wote wakageuka. Alitembea kuelekea mbele hadi kwenye meza.

"Mama hajadanganya. Nilifunika chaja kwa majani ya migomba na magunia. Nilikuwa naivisha ndizi za mbege, kwa sababu nilichoka kuchochea moto. Nilifanya kila jioni, na Mama hakujua. Jana niliporudi nikazifukia ndizi kwenye samadi ili msizione." Akamtazama fundi. "Nilidhani haiwezi kuungua."

Kama wangemfokea ingekuwa nafuu. Mama yake alimtazama tu, na katika macho yale Odilia hakuona hasira; aliona mtu aliyeumizwa na mtu wake. Hapo ndipo machozi yalipomtoka.

"Nani alikwambia haiwezi kuungua?" fundi aliuliza kwa upole.

"Wewe, fundi."

"Mimi nilisema betri hii haishiki moto kirahisi. Kirahisi, mwanangu, hilo neno ulilisikia? Hata hii ikipondwa, ikitobolewa au ikichomwa kwa muda mrefu, hutoa gesi mbaya, na gesi hiyo inaweza kuwaka. Halafu chaja, nyaya na soketi havijawahi kuapa kwamba havitaungua. Nilieleza yote hayo siku ile. Wewe ulikuwa umeshakimbia."

Odilia akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliuma.

Mama Doris aliuchukua ufunguo mezani. Akamwendea Lukresia na kuuweka mkononi mwake.

"Nimekuita mwongo mbele za watu," alisema. "Nakuomba msamaha mbele ya watu haohao. Nisamehe, dada yangu."

"Yameisha," alijibu Mama, na kwa mara ya kwanza tangu jana akafuta macho.

Wakaafikiana kwamba kikundi kitanunua chaja mpya, ambayo fundi ataifunga kwenye ukuta wa matofali, na kwamba majani na kuni vitafutiwe banda lingine. Mama Doris alimwomba fundi aeleze upya mambo yote, nusu zote mbili, na safari hii alisogea hadi kwenye bajaji na kuligusa boksi la betri kwa kidole.

Njiani kurudi nyumbani, Odilia alitembea nyuma ya mama yake. Alitarajia kugombezwa, hakugombezwa.

"Bibi yako bado hajui," Mama alisema bila kugeuka. "Utamwambia wewe."

Bibi alikuwa amekaa barazani akichambua ulezi wa mbege. Odilia alipiga magoti, akaeleza yote. Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa ile ya kusema, "Bibi, moto ulionisifia sikuuwasha." Bibi aliacha kuchambua.

"Kwa hiyo nilikufananisha na mama yangu bure," alisema.

Bibi aliinuka kwa shida, akaenda hadi kwenye ua wa masale uliotenganisha kihamba chao na cha jirani. Akachuma jani moja refu, akalifunga fundo, akampa mjukuu wake. Kila Mchagga, hata mtoto, anajua maana ya jani hilo. Anayekujia na jani la sale ameacha maneno ya kujitetea, amekuja kuomba msamaha tu, na wewe hupaswi kumrudisha mikono mitupu.

"Mpelekee mama yako."

Odilia alimkuta mama yake mlangoni, akalinyoosha jani kwa mikono miwili. Mama alilitazama, lakini hakulipokea.

"Mimi nilipoteza jina langu kwa siku moja, na limerudi," alisema. "Nimekusamehe. Jani hilo kampe aliyekuwa ndani ya moshi."

Fabian alikuwa palepale kitandani, uso ukutani. Odilia alikaa ukingoni, akamgusa bega.

"Fabi. Nimekuja kukuomba msamaha. Ule moto ulikuwa wangu. Nilifunika chaja nikaivisha ndizi, ikaungua ukiwa ndani."

Fabian aligeuka polepole. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Siyo mimi?" aliuliza.

"Siyo wewe nini?"

"Mimi nilizungusha usukani. Mama alinikataza nikauzungusha, halafu moshi ukatoka. Nilijua ni mimi nimeichoma. Nikasema sitapokea Komunyo, kwa sababu nimechoma bajaji ya watu. Kwa hiyo siyo mimi, dada?"

Mtoto wa miaka tisa alikuwa amelala na kosa lake, ameamka nalo, ameshindwa kula kwa ajili yake, wakati yeye mwenye kosa alikuwa akijiuliza kama kuna haja ya kusema. Akamkumbatia mdogo wake, akalia kwa aibu ambayo hakuwahi kuijua, hata pale kikaoni.

"Siyo wewe," alisema. "Haikuwa wewe hata kidogo. Ni mimi."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Akaingia, akakaa katikati ya watoto wake.

"Odilia, kufunika chaja lilikuwa kosa la kutojua na la uvivu. Hilo tutalirekebisha: utawasha moto wa Bibi mpaka uujue, na utapita kwa majirani kuomba ndizi mbivu, na kila mlango utaeleza kwa nini unaomba. Lakini kunyamaza ni jambo lingine. Kosa ambalo mwenyewe amelikataa halibaki njiani, mwanangu. Humtafuta mtu wa kulibeba, na humpata aliye mdogo kuliko wote. Ukikosea tena, maana utakosea, sema siku hiyohiyo."

"Nimesikia, Mama."

Odilia akampa mdogo wake jani la sale, naye Fabian akaligeuza mikononi mwake, akalichunguza lile fundo.

"Sasa mimi nalifanyia nini hili?"

"Ulipokee tu," alisema Mama. "Ukishalipokea, amesamehewa."

Fabian alimtazama dada yake usoni, akafikiri kidogo, kisha akaliweka jani chini ya mto wake. Halafu akaomba chakula.